Anayebeba Tipoyi Atabebwa na Nani?

Walikuwa wanane: wanne chini ya miti, wanne pembeni wakingoja zamu, wote tope hadi magotini. Juu ya tipoyi, machela yetu ya miti, alilala mama mjamzito, kafunikwa kitenge na juu yake turubai la buluu. Walitoka milimani usiku wa manane, wakaingia ua wa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Masisi jua linachomoza. Mama akapokelewa, wabebaji wakajitupa chini ya ukuta, wakavua mabuti na kukamua soksi.

Mmoja wao, mtu wa miaka arobaini hivi, alijitenga akageukia ukuta kama anayekwenda haja ndogo. Hakukojoa. Alifungua kinenani utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, ule ule ambao huku kwetu hufungia kila kitu, kuanzia miguu ya kuku hadi magunia ya makaa kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao. Chini yake palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la bata. Akaukandamiza kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayerudisha unga ndani ya mfuko uliochanika. Ukazama ukinguruma kidogo. Akafunga mpira wake upya, akarudi kukaa.

Nilimfuata nikamuuliza.

"Ah, ni ngiri tu," akasema. "Nikibeba ndiyo inatokaka. Nikilala inaingiaka yenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mutoto wangu wa tatu."

Mtoto huyo wa tatu sasa yuko darasa la tano. Na kutoka pale alipokaa baba yake hadi mlango wa chumba cha upasuaji hapakuzidi hatua mia.

Kwenye milima hii kubeba tipoyi ni kazi ya wanaume, na huenda kwa zamu. Wanaosema Kinyarwanda wanaiita ingobyi. Asiyetokea zamu yake bila sababu jina lake linasemwa, na kuna vijiji ambako analipa. Nimepishana na tipoyi nyingi, barabara ya Sake na ile ya Nyabiondo, na juu yake nimeona wajawazito, watoto wenye malaria, bibi vizee waliovunjika nyonga. Mwanaume mzima nikimwona amelala juu yake, basi ama ana risasi mwilini, ama hajitambui. Mwanaume wa Masisi haendi hospitali. Anapelekwa.

Tusimlaumu peke yake. Kituo cha afya kina siku ya CPN kwa wajawazito, kina siku ya CPS ya kupima watoto uzito na kuwachanja. Mwanaume hana siku yake wala herufi zake. Akijitosa kwenda, anakuta benchi zima ni wamama wananyonyesha, na muuguzi anamuuliza mbele yao kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Papa, unaumwa wapi?" Aliyekuja kwa sababu ya korodani atajibu kwamba anaumwa kichwa. Atapewa parasetamoli, atarudi nyumbani, na korodani zake.

Wasomaji wa pwani wanisamehe jambo moja la lugha kabla sijaendelea. Tunaposema huku "muganga", hatusemi mtu wa mizizi na hirizi. Ni yule wa koti jeupe, awe daktari au muuguzi. Na kwa wengi wa Masisi na Walikale, muganga wa kwanza, na pengine wa pekee, ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Daktari yuko hospitalini, na hospitali iko mbali. Kwa hiyo yule ninayekuambia ukamwone mara nyingi ni muuguzi huyo. Kazi yake mojawapo ni kukupima na kukuandikia karatasi ya kukupeleka mbele. Ukimficha ugonjwa, umejifungia mlango wa kwanza.

Sasa tuje kwenye masaa.

Vitabu vya tiba vinasema korodani ikijisokota ghafla, jambo linalowapata hasa vijana wa umri wa shule ya sekondari, damu haifiki tena, na una kama masaa sita ya kuiokoa. Baada ya hapo nafasi inapungua haraka. Dalili yake haina mficho: maumivu makali upande mmoja yanayokuja kwa kishindo, mara nyingi na kutapika, mara nyingine yakimwamsha kijana usingizini. Masaa sita. Aliyeandika kanuni hiyo alikuwa na barabara ya lami mbele ya nyumba. Walikale peke yake ina kilometa za mraba zaidi ya 23,000, karibu sawa na Rwanda nzima, na sehemu kubwa ni msitu. Kwa kijana wa kijiji cha ndani huko, masaa sita ni ya kutokea barabarani tu, akingoja pikipiki ambayo huenda isije. Masisi ni ndogo mara tano, lakini milima yake na tope lake vinakula kile ambacho ramani inaonyesha kuwa karibu. Halafu kuna vita. Rubaya ilitekwa na waasi mwisho wa Aprili 2024, Masisi-kati Januari 2025, Walikale-kati ikatekwa Machi 2025 na kuachwa mwanzoni mwa Aprili. Kila mstari wa mapigano ukisogea, njia ya kwenda hospitali inasogea nayo.

Ndiyo maana ushauri wa redioni, kwamba ukiona dalili mbaya ukimbie hospitali, huku kwetu haujitoshelezi. Mtu wa hapa anapaswa kuhesabu kurudi nyuma: kutoka meza ya upasuaji hadi mlangoni kwake, masaa mangapi mchana, mangapi usiku, mangapi mvua ikinyesha? Maradhi ambayo mtu wa Goma anaweza kuyangoja mpaka yaume, mtu wa Ntoto au Pinga ayapeleke kabla hayajauma.

Ngiri ndiyo mfano wenyewe. Ukuta wa tumbo, pale kinenani, una sehemu dhaifu kwa mwanaume tangu kuumbwa, kwa sababu ndipo korodani zilipopita zikishuka. Ndiyo sababu ngiri ya kinena huwapata wanaume mara nyingi kuliko wanawake: katika maisha yote, mwanaume mmoja kati ya wanne hivi. Mzigo mzito, kikohozi kisichoisha na kujikamua chooni vinaisukuma itoke. Na huku nani habebi? Kabla ya kampuni ya Alphamin kuanza kuzalisha bati kwenye mlima wa Bisie, Walikale, kwa mitambo mwaka 2019, mlima ule ulichimbwa kwa mikono, na mawe ya kasiterite yalitoka msituni migongoni mwa wanaume, gunia la kilo 50 kwa mtu, kwa miguu hadi Njingala. Rubaya, ambako wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria hutoka asilimia 15 ya koltani ya dunia, mifuko inapanda na kushuka vilima namna hiyo hiyo. Ongeza wasukuma chukudu wanaoteremsha viazi na makaa. Goma iliwajengea sanamu, chukudu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Daktari wa kuwapapasa vinena haikuwajengea.

Ngiri inayotoka na kurudi haiui. Inayoua ni ile inayotoka ikakataa kurudi. Utumbo umebanwa, damu haipiti, uvimbe unakuwa mgumu na unauma ukiguswa, mtu anatapika, tumbo linajaa, hewa haitoki wala choo. Hapo ni masaa tena. Akichelewa, kipande cha utumbo kinaoza, na operesheni ambayo ingekuwa ya nusu saa inakuwa ya kukata na kuunga matumbo, kama mgonjwa atafika hai. Huyu bwana wa mpira wa baiskeli aliishi zaidi ya miaka kumi na bahati mfukoni, tena akiwa mbali na hospitali kila siku isipokuwa siku za kuwabeba wengine.

Na operesheni yenyewe si anasa ya Ulaya. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Wengine walishonewa ule wavu wa kitabibu wa bei ghali unaotumika nchi tajiri, wengine kipande cha kitambaa cha chandarua kilichoandaliwa na kuuliwa vijidudu. Mwaka ulipopita, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu wa chandarua, na hakuna wa wavu ghali. Tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Chandarua! Huku kwetu vile vya kugawiwa bure vinazungushiwa bustani za mboga na kufunikia vifaranga. Simwambii mtu akate cha kwake apeleke hospitali, maana kile cha Uganda kilipitia mikono ya wataalamu. Nasema tu kwamba aliyekuambia operesheni ya ngiri ni ya matajiri hakujua jirani zetu wanafanya nini.

Kuna uvimbe mwingine unaochanganywa na ngiri: maji yanayojaa katika mfuko wa korodani, ambayo pwani huita busha. Hayo hayarudi ndani ukiyakandamiza, na kwa kawaida hayaumi. Kuna pia uvimbe mdogo mgumu kama punje ya harage juu ya korodani yenyewe, usiouma hata kidogo, na huo ndio unaotaka daktari upesi, kwa kuwa saratani ya korodani huanza hivyo, na huwapata vijana. Ikiwahiwa, hutibika vizuri. Kujipapasa bafuni mara moja kwa mwezi hakugharimu kitu.

Masisi tuna moja la kwetu zaidi. Sisi ni watu wa ng'ombe, na jibini yetu inajulikana hadi Kinshasa. Wachungaji wengi hunywa maziwa mabichi moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu, na watakuambia yakichemshwa yanapoteza utamu. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, humpa mtu vijidudu kupitia maziwa hayo, au kupitia mikono ya anayemzalisha. Kwa mwanaume ugonjwa huo huja na homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo na kiuno, na mara nyingine korodani moja inavimba na kuuma. Unafanana sana na malaria, na watu hutibiwa malaria mara tatu, mara nne, bila kupona. Mchungaji mwenye homa isiyosikia dawa amwambie muganga hivi: "Mimi ninachunga ng'ombe." Hayo maneno matatu yanaweza kumfaa kuliko chupa kumi za serumu ya mshipani.

Kwa wengi wa rika langu, neno prostati, yaani tezi dume, tulilisikia kwanza redioni. Agosti 1996 rais Mobutu alifanyiwa operesheni ya saratani ya tezi hiyo huko Lausanne, Uswisi. Akabaki Ulaya akiuguzwa wakati vita vikiwaka Kivu, na aliporudi Kinshasa katikati ya Desemba, wakimbizi waliotawanyika kutoka kambi za Goma walikuwa wameshapita Masisi na Walikale wakielekea misitu ya Tingi-Tingi. Mei 1997 akaikimbia nchi, Septemba 7 akafia Rabat akiwa na miaka 66. Wazee wa huku wanajua tarehe za vita vyetu kwa moyo, tangu mauaji ya soko la Ntoto Machi 1993, lakini sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza: je, na mimi, tezi yangu ikoje?

Tezi yenyewe imekaa chini ya kibofu, mrija wa mkojo umepita katikati yake. Ujanani ni ndogo kuliko maracuja. Umri ukisonga inakua, inaubana mrija. Mara nyingi ukuaji huo si saratani kabisa, ni uzee tu. Lakini mtu anaanza kuamka usiku mara tatu, mara nne; mkojo unachelewa kutoka, unatoka kwa uzi mwembamba, unakatika, unadondoka kwenye suruali baada ya kudhani umemaliza. Saratani kwa upande wake huanza kimya bila dalili yoyote, na ndiyo sababu mwanaume aliyefika miaka 50 anashauriwa kuzungumza na daktari hata akiwa mzima, na miaka 45 kama ni mtu mweusi, au kama baba au ndugu yake aliugua. Sisi watu weusi tunapatwa zaidi, na mapema zaidi. Kipimo cha damu cha PSA usikitafute kwenye kituo cha kijijini. Kilichopo ni kidole cha daktari chenye glavu, kinachopita njia ya haja kubwa na kuipapasa tezi. Wanaume wanacheka wakilisikia hilo, halafu wanaacha kwenda. Ni nusu dakika.

Baba mdogo wangu hakuwahi kufika kwenye kidole hicho. Alikuwa na miaka 63, na tulipomuuliza kwa nini hatulii usiku alisingizia baridi. Tulimwamini, maana kule juu Masisi usiku baridi inamkojoza kila mtu. Siku ya harusi ya binti wa jirani alikunywa pombe ya kasiksi, akanywa tena, na usiku mkojo ukagoma kabisa. Asubuhi alikwenda kituo kimoja nisichokitaja, akasema tumbo linamuuma. Hakusema mkojo. Walimwandikia malaria, wakamtundikia serumu, chupa mbili. Fikiria: mtu aliyezibwa chini, anajazwa maji kutoka juu. Jioni tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, naye hawezi kukaa wala kulala. Usiku ule wa pili aliita jina la mama yake, marehemu miaka thelathini. Alfajiri tulimbana kwenye pikipiki katikati ya dereva na mimi, na kila shimo la barabara lilimtoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Hospitalini muuguzi kijana alimpitishia sonda, ule mpira mwembamba wa kutoa mkojo. Mkojo uliingia mfukoni ukikaribia lita moja na nusu. Niliona uso wa mzee ukifunguka polepole. Akanishika mkono, machozi yanamtoka, akanilaumu: "Mungeniambia!" Sisi? Yeye ndiye aliyeficha miaka minne. Miezi miwili alitembea na sonda, mfuko umefungwa mguuni ndani ya suruali ya suti, hata kanisani, kabla ya kufanyiwa operesheni. Nyama iliyotolewa ilipimwa, haikuwa na saratani. Leo analala usiku mzima, na anawaambia wazee wenzake hadithi hiyo kwa sauti kubwa mno.

Mkojo kuziba kabisa ni dharura ya saa hiyo hiyo. Damu kwenye mkojo, hata mara moja tu, hata isiyouma, usingoje itokee tena.

Kijana wa miaka 30 mwenye mkojo wa uzi mwembamba ni habari nyingine, na mara nyingi hadithi yake inaanzia kwenye farmasi ya barabarani. Kwenye machimbo kuna pesa Jumamosi, kuna pombe ya kanyanga, kuna nyumba za kulala. Jumatano mtu anaona usaha. Kisonono. Anakwenda farmasi ananunua kapsuli za rangi mbili, nne tu, kwa kuwa nne ndizo pesa iliyobaki. Usaha unapungua, yeye anatangaza amepona. Vijidudu vimelala tu, na vingine siku hizi vinazicheka dawa hizo za zamani. Miaka inapita, kovu linakua ndani ya mrija na kuubana. Anayetibiwa sawasawa, na mwenzake akatibiwa pamoja naye, hafiki huko. Usaha, kidonda kwenye uume, vyote ni vya kupeleka kituoni siku hiyo, hata kidonda kisichouma, kwa kuwa kaswende haiumi. Na apimwe virusi vya UKIMWI hapo hapo. Dawa zake nchini hazilipiwi.

Nguvu za kiume nazo zina soko lake. Kinshasa wanatafuna kimbiolongo, huku kila soko lina mzee wa mizizi mwenye chupa zisizo na jina. Sina ugomvi na mizizi. Ninachowaambia rafiki zangu ni kwamba mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaziba kwanza. Mwanaume wa miaka 45 ambaye nguvu zimepungua mwezi baada ya mwezi apimwe tansio, yaani shinikizo la damu, na sukari kabla ya kumfuata mzee wa mizizi. Tansio ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo, ina maana ya kutibiwa, na haipigi hodi. Wengi wanaijua siku mdomo unapopinda na mkono unapokufa ganzi. Kiu isiyoisha na kukojoa sana, huo ni mlango wa kisukari.

Kikohozi cha wiki mbili, hasa kwa aliyevuta vumbi la mashimo: pima kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure. Vumbi la mawe lenyewe huumiza mapafu na kuifungulia TB njia.

Limebaki moja, ambalo wanaume wa Walikale wanalijua na hawalisemi. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine kwenye njia ya Kibua na Mpofi, vijiji 13 kwa jumla. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliobakwa 387: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23, wavulana 9. Dunia ilisoma hesabu hiyo ikasimama kwa wanawake, na ilikuwa haki yao. Lakini wale 23 na wale 9 walikuwepo. Mwaka huo huo utafiti uliochapishwa katika jarida la madaktari la Marekani, JAMA, ulikuta kwamba katika maeneo ya mashariki mwa Kongo karibu mwanaume mmoja kati ya wanne aliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Angalia benchi la kanisani ukahesabu wanne wanne.

Sheria ya nchi yetu, tangu Julai 20, 2006, inatambua kwamba mwanaume naye anaweza kubakwa. Hospitalini dawa ni zile zile wanazopewa wamama: za kuzuia virusi vya UKIMWI, ambazo ni lazima zianze ndani ya masaa 72, chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda, tiba ya magonjwa ya zinaa, kushonwa penye kuchanika. Aliyepitisha masaa 72 bado ana sababu ya kwenda, hata kama ni mwaka umepita na anaona aibu kwa kuwa hawezi kuzuia choo au hawezi kumkaribia mke wake. Si lazima aseme mlangoni. Maneno ya kusema ni haya: "Ninataka kusema na docta pembeni." Hakuna anayekudai zaidi ya hayo mbele ya watu. Shirika la Médecins Sans Frontières, lililoko Hospitali ya Masisi tangu mwaka 2007, huwatibu waliofanyiwa ukatili huo bila malipo na bila kuwatangaza.

Wengine walibaki na mawazo tu. Tunasema "ana mawazo" kama tunavyosema ana mafua. Mtu haongei, halali, anaruka mlango ukigonga, anakunywa tangu asubuhi ili mikono isitetemeke, anampiga mtoto kwa kijiko kilichoanguka. Wanyanga wa Walikale wana shujaa wao Mwindo, aliyezaliwa akitembea na kusema. Kisa chake kilichapishwa kitabuni mwaka 1969. Vijana wanapenda kusimulia alivyowashinda maadui. Wanaruka sehemu ambayo Nkuba, Radi, anampandisha juu mbinguni, na huko anapigwa na baridi, mvua, jua, bila pa kujificha, mpaka anashuka akiwa mtawala mpole. Aliyetunga kisa hicho hakuona haya kumwonyesha shujaa anatetemeka. Anayewaza kujiua asiachwe peke yake usiku mmoja. Apelekwe, na anayempeleka abaki naye.

Nilimwomba yule bwana wa ngiri tuingie kwa muuguzi pamoja. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliwatazama wenzake, akaona wamelala, akainuka. Ndani alilazwa, akaambiwa akohoe, akakohoa, uvimbe ukatoka. Muuguzi aliusukuma ukarudi, akauliza kazi yake, akaandika kwenye fishi. Daktari alikuja baadaye, akamwekea jina kwenye orodha, tarehe baada ya mavuno ya maharagwe, akamweleza kwamba kama kabla ya hapo uvimbe utagoma kurudi na atapike, aje siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe.

"Na nikisha kupasuliwa?"

"Wiki sita hakuna kubeba kitu kizito. Hata gunia la viazi."

Akanyamaza, akifunga suruali. Mpira wa baiskeli ulikuwa bado mkononi mwake, ameuzungusha kwenye vidole.

"Wiki sita," akarudia. "Sasa zamu yangu ya tipoyi, nani ataingia?"